UZI: Punch-Out!! ya Nintendo (1987), gemu ya ngumi ambayo ukikimbilia kupiga unapigwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nina miezi minne na gemu hii, karibu kila usiku watoto wakishalala, nimeona si vizuri nikae nayo peke yangu. Naizungumzia Punch-Out!! ya Nintendo, ile ya 1987 iliyotoka ikiwa na jina la Mike Tyson kwenye boksi. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Watu wote wanaiweka kwenye fungu la gemu za ngumi. Mimi nimefika mahali naiona ni gemu ya kumsoma mtu, na ngumi ni malipo unayopewa ukishamsoma.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: wewe ni kijana anaitwa Little Mac, mtoto wa Bronx, New York, umri miaka 17, uzito ratili 107, yaani hata kilo 49 hazifiki. Unamwona kwa mgongo. Kafupi, kichwa chake kinamfikia mpinzani kiunoni. Kona yako yupo kocha, mzee mmoja anaitwa Doc Louis, na mwamuzi ni Mario, yule yule shujaa wa gemu za Nintendo, wa uyoga. Wapinzani wote ni mibaba. Unapanda madaraja matatu, na juu kabisa anakusubiri bingwa. Pambano lina raundi tatu, na ukimwangusha mtu mara tatu ndani ya raundi moja, TKO, yaani pambano linasimamishwa, umemaliza.

Vitufe ni vichache mno. A ni ngumi ya kulia, B ya kushoto. Ukishikilia juu ngumi inakwenda usoni, usiposhikilia inakwenda tumboni. Kushoto na kulia unakwepa, chini unajikinga. Ukimpiga mtu katika sekunde ambayo hakuitegemea unapewa nyota, na nyota ni apakati (ngumi ya kutoka chini kwenda juu) moja nzito unayoirusha kwa kitufe cha Start. Hakuna kutembea ulingoni wala kuzunguka. Umesimama mbele ya mtu, naye kasimama mbele yako.

Sasa ubaya uko kwenye mioyo. Juu ya skrini kuna hesabu ya mioyo yako. Ukirusha ngumi ikazuiwa, unakatwa. Ukipigwa, unakatwa zaidi. Ikifika sifuri Mac anabadilika rangi, anakuwa wa waridi, mikono inamlegea, na hapo ubonyeze A mpaka kidole kiote sugu, harushi kitu. Kazi inayobaki ni kukwepa mpaka pumzi imrudie. Siku za mwanzo mimi nilikuwa wa waridi nusu ya pambano, maana nimelelewa na gemu ambazo ukibonyeza haraka kuliko mwenzako unashinda.

Mpinzani wa kwanza ni Mfaransa, Glass Joe. Anaingia na wimbo wa taifa lao, rekodi yake kashinda 1 kapigwa 99. Huyo hata ukiwa na papara unamtoa. Wa pili Von Kaiser, Mjerumani, naye anapita. Wa tatu ndiye aliyenishika shati: Piston Honda wa Japani. Nilipigwa na Honda usiku kucha. Nikaweka padi chini nikamwacha anipige, mikono mitupu, nikawa namtazama tu. Kumbe nyusi! Kabla hajarusha konde, nyusi zinacheza. Ziko pale tangu pambano la kwanza, mimi nilikuwa natazama glovu.

Tangu usiku ule kila mpya ninayekutana naye nampa raundi nzima ya kunipiga. Great Tiger wa India, lile jiwe la kwenye kilemba linametameta kabla ya ngumi. King Hippo, lile tumbo lote halisikii kitu mpaka afungue mdomo. Ukimpiga mdomoni kaptula inashuka, anaikimbilia kwa mkono, na hapo tumbo lenye plasta liko wazi, unalifanyia kazi. Akianguka mara moja haamki tena.

Halafu Bald Bull wa Uturuki. Huyu anarudi nyuma mpaka kwenye kamba, anakuja anarukaruka, hatua moja, mbili, tatu, na ikikupata hiyo upo chini. Dawa yake ni ngumi moja ya tumbo, katika sekunde yake kamili. Ukiwahi unapigwa, ukichelewa unapigwa. Ukiipatia, analala papo hapo. Na mkikutana mara ya pili daraja la juu, ngumi za kawaida hazimlazi hata umpige elfu. Ni nyota, au umngoje aje mbio umzime njiani.

Nipo hapo juu sasa, kwa bingwa. Nitaeleza. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu nimekaa siti ya mbele. Ila nina swali la siku nyingi. Sisi tuliocheza kwenye vile vidude vya Kichina vya kaseti, mimi Tanga mjini, mwenzangu sijui wapi, kaseti imeandikwa 9999, mbona hii gemu hatukuwahi kuiona hata siku moja? Kwenye ngumi tulikuwa na ile ya wale wawili wanaopigana mtaani tu.

#3 Mleta uzi

Ndugu, umegusa penyewe. Hiyo ya mtaani ni Urban Champion ya 1984, wanachapana chini ya madirisha, huku chungu cha maua kinadondoka kutoka juu, na mwisho mmoja anatumbukia kwenye shimo la barabarani. Nimeicheza mpaka nimeiota.

Jibu liko ndani ya kaseti yenyewe. Ile mashine ya Nintendo ilikuwa na uwezo mdogo wa picha zinazotembea. Kila kipande kina upana wa nukta 8, na kwenye mstari mmoja wa skrini haviruhusiwi kuzidi vipande 8. Piga hesabu, ni nukta 64, wakati skrini nzima ni 256. Mtu mkubwa kama Bald Bull hatoshei humo. Walichofanya ni kumchora mpinzani kama sehemu ya ukuta wa nyuma, kisha wakatengeneza chipu maalumu ndani ya kaseti, inaitwa MMC2, ambayo inabadilisha fungu la picha katikati ya kuchora skrini, yenyewe, bila kuambiwa na programu kila mara. Ndiyo maana yale majitu yanakunja uso na kupepesa macho. Chipu ile Nintendo waliitumia kwenye gemu hii peke yake.

Sasa zile kaseti zetu za bei rahisi zilijazwa gemu ndogo za mwanzo, Galaxian, Circus Charlie, Excitebike, Battle City, ambazo hazihitaji chipu yoyote ya ziada. Zinakuwa kumi na kitu, zimerudiwa majina mpaka zifike 9999. Gemu inayodai chipu yake mwenyewe ingeingilia wapi humo? Mimi nimeipata ukubwani: shemeji yangu aliniletea ile Nintendo ndogo ya 2016, yenye gemu 30 ndani. Waya wa padi yake ni mfupi, nimeweka kigoda hatua moja kutoka kwenye TV, ndiyo kiti changu cha masumbwi.

#4 Mchangiaji

Mleta mada, umeandika vizuri ila mimi napinga. Hiyo siyo kusoma mtu, hiyo ni kukariri. Mpinzani anafanya yale yale leo na kesho. Nimewahi kuimaliza mpaka kwa Super Macho Man, wa mwisho kabla ya bingwa, kwenye emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu) ya simu, na nilichofanya ni kuangalia video, nikajua huyu kushoto, kulia, kulia, basi. Don Flamenco, yule Mhispania, mkikutana mara ya kwanza ndio kabisa: ukimkwepa apakati ya kwanza, unampiga usoni kushoto kulia kushoto kulia, hachomoki mpaka alale. Ngumi za kweli haziko hivyo.

#5 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ina uzito na sikatai kuhusu Flamenco wa mwanzo. Ila ngoja nikuulize. Ulipomwona Bald Bull anakuja mbio, ulihesabu sekunde kichwani au ulimtazama miguu?

Kukariri kunakwambia *nini* kinakuja. Hakukwambii *lini*. Na gemu hii yote iko kwenye lini. Mimi nilimjua Piston Honda wa pili, yaani mkikutana tena daraja la juu, neno kwa neno, nilikuwa naweza kukuandikia kwenye karatasi, na bado alinilaza siku tatu. Kichwa kinajua, mkono haujajua.

Halafu kuna lile la jukwaani. Mwaka 2009 Nintendo wenyewe, kwenye mazungumzo na Satoru Iwata, aliyekuwa rais wao, walitoboa kwamba Bald Bull anapokuja mbio kuna kamera inamulika kwenye watazamaji, na ule mwanga ndio wakati wa kupiga. Miaka zaidi ya 20 mwanga upo pale! Halafu 2016 wachezaji wakagundua jingine: kati ya watazamaji yupo jamaa mwenye ndevu, anainama kidogo katika sekunde ile ile unayotakiwa kurusha ngumi. Gemu imechezwa na mamilioni ya watu karibu miaka 29, na jamaa yupo mbele yao anainama, hakuna aliyemtilia maanani. Kitu kilichokaririwa na dunia nzima kingewezaje kubaki na siri kama hiyo?

#6 Mchangiaji

Nichangie kidogo. Mimi nimepiga ngumi za ridhaa miaka sita, sikufika mbali. Mwalimu wetu alikuwa hatufundishi kutazama mkono. "Mkono ukiuona umeshafika." Tulikuwa tunatazama kifua na bega, maana bega linatangulia, na kila mtu ana kitu chake. Nilikuwa na mwenzangu wa mazoezi, kabla ya kurusha kulia alikuwa anavuta pumzi puani, unaisikia kabisa. Yeye mwenyewe hakujua, na sikumwambia mpaka alipohama mji.

Hiyo gemu sijaicheza, ila mleta uzi alivyoieleza ile nyusi, nimekumbuka pua ya yule jamaa. Waliotengeneza wanajua ngumi.

#7 Mleta uzi

Asante sana mkuu #6, hapo umenimalizia maneno yote. Kiongozi wa kazi alikuwa Genyo Takeda, na michoro ni ya Makoto Wada. Gemu yenyewe ilianzia kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 1984, mashine ya skrini mbili moja juu ya nyingine. Sababu ya skrini mbili ni kwamba Nintendo walikuwa na skrini nyingi zilizobaki baada ya gemu yao ya Donkey Kong, wakaambiwa watafute gemu ya kuzitumia. Kule bondia wako alichorwa kwa mistari tu ya kijani, kama wavu, ili umwone mpinzani kupitia mwilini mwake. Nintendo ya nyumbani haikuweza kuchora vile, ndipo wakamfanya Mac awe mfupi. Ule ufupi ninaoupenda umetokana na shida ya mashine.

#8 Mchangiaji

Na Tyson aliingiaje humo? Na kwa nini kuna matoleo hana?

#9 Mleta uzi

Mwaka ule ule wa 1987 kulikuwa na kaseti ya dhahabu Japani, 10,000 tu, walizopewa waliofanya vizuri kwenye shindano la gemu ya gofu ya Nintendo. Ile haina Tyson kabisa, inaishia kwa Super Macho Man. Minoru Arakawa, aliyekuwa rais wa Nintendo ya Marekani, alimwona Tyson akipigana akasema huyu lazima awemo. Kumbuka Tyson alichukua mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC tarehe 22 Novemba 1986, kwa kumpiga Trevor Berbick pale Las Vegas, akiwa na miaka 20. Gemu ikatoka Marekani Oktoba 1987, jina lake likiwa kubwa kwenye boksi.

Mkataba ukaisha, haukuendelezwa. Mwaka 1990 gemu ikarudi sokoni na bingwa mwingine anaitwa Mr. Dream. Februari mwaka ule Tyson alikuwa amelazwa na Buster Douglas kule Tokyo, raundi ya 10. Mr. Dream ana uso mwingine, ila ngumi ni zile zile, macho ni yale yale, muda ni ule ule. Nintendo ndogo niliyonayo ina huyo. Kwa wenye kaseti ya Tyson, namba ya siri ya kuandika ili uende kwake moja kwa moja ni 007 373 5963. Ila nawasihi msianzie hapo. Unakwenda kupigwa na mtu usiyemjua, na hujajifunza kutazama.

#10 Mchangiaji

Habari zenu. Mimi niko Mombasa, na hii gemu ndugu yangu mkubwa alikuwa nayo. Nilikuwa naipenda na bado naipenda, lakini ndugu zangu, tuseme na lile jingine. Mhindi lazima awe na kilemba na uchawi wa kupotea. Mtu wa visiwani ni lijitu linene lisilosema lolote zaidi ya kucheka, na taji kichwani. Mrusi anaitwa Soda Popinski, na kwenye mashine za kumbi alikuwa Vodka Drunkenski, jina likabadilishwa ilipokuja kuingia majumbani. Kwa hiyo walijua. Hakuna bondia wa kutoka Afrika pale, na nikiwaangalia wengine walivyochorwa, nashukuru.

#11 Mleta uzi

Dada, umesema kweli na sina la kuitetea. Mwanangu aliniuliza King Hippo anatoka nchi gani, nikasoma pale pameandikwa Hippo Island, nikamwambia nchi hiyo haipo. Akaniuliza, sasa mbona wengine wana nchi? Sikuwa na jibu zuri. Tulizima tukazungumza kidogo kuhusu watu wanavyochora watu wasiowajua. Naicheza, ila hilo nalibeba pamoja nayo.

#12 Mchangiaji

Mkuu, swali la kiufundi. Hiyo Nintendo ndogo umeichomeka kwenye TV gani? Kama ni flati, una tatizo ambalo si lako. Gemu inachora picha 60 kwa sekunde, na TV ya chogo ilikuwa inakuonyesha papo hapo. Flati nyingi zinaipokea picha, zinaisafisha rangi kwanza, ndipo zinaonyesha. Unakuwa umechelewa picha mbili, tatu, hata zaidi, na wewe unadhani umezeeka. Ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta hali ya gemu, iwashe. Kama TV yako haina, jaribu nyingine ndani ya nyumba. Usihangaike kununua kibadilishi cha kuipeleka kwenye chogo, nacho kinaweza kuchelewesha.

#13 Mleta uzi

Nimeingia nikaitafuta. Ilikuwepo, imezimwa! Nimewasha nikamrudia Mr. Sandman, mmoja wa wapinzani wa daraja la juu, ambaye nilikuwa nampita kwa tabu moja kati ya mara kumi. Nimempita mara ya pili. Mkuu #12, Mungu akubariki.

#14 Mchangiaji

Ngoja niongeze la mwisho kabla sijalala. Kuna watu wanaicheza hii macho yamefungwa kitambaa. Ilifanyika mbele ya watu kwenye Awesome Games Done Quick ya 2014, tamasha la kumaliza gemu kwa haraka. Na 2025 mchezaji anayejulikana kama Summoning Salt amemmaliza Tyson kwa saa ya gemu 1:59.97, akawa wa kwanza kushuka chini ya dakika mbili. Kwa hiyo #4, kama ni kukariri, basi ni kukariri kwa aina yake.

#15 Mleta uzi

Hilo la kitambaa limenigusa, nieleze kwa nini.

Mke wangu hachezi. Jioni anakuwa jikoni, ukuta mmoja kati yetu, anasikia tu. Wiki mbili zilizopita nipo kwa Mr. Dream, nasikia sauti kutoka jikoni: "Sasa." Nikapigwa. Dakika nyingine: "Sasa." Nikapigwa tena. Nikasimamisha gemu nikamfuata. Anakatakata vitunguu, mgongo kanipa. Nikamwuliza umejuaje? Akasema, "Kuna kamlio kanatangulia. Kila kakilia kale, unanyamaza, halafu unalaumu padi." Alikuwa ameujua ule mlio usiku mwingi, kwa kuchoshwa nao.

Nikamwomba aje akae. Hakutaka kuja, ila alikubali kuendelea kusema kutoka kule kule.

Kwa wasiojua bingwa alivyo: dakika moja na nusu ya kwanza anarusha apakati tupu, na kila moja ikikupata upo chini, haijalishi ulikuwa na nguvu kiasi gani. Unachotakiwa ni kukwepa, unarudisha, unakwepa, usikosee hata mara moja mpaka saa isome 1:30. Baada ya hapo anabadilika, anakuja na ngumi za pembeni za kasi, na hapo ni macho, anapepesa kabla ya kurusha.

Jana usiku, hali ya gemu imewashwa, sauti nimepandisha, mimi kwenye kigoda, yeye jikoni anasema "sasa", "sasa", "sasa". Nilifika 1:30 sijaguswa, mara ya kwanza kabisa. Nikamwangusha Mr. Dream mara moja. Yeye akaniangusha raundi ya pili, nikaamka hesabu ya nane, akaniangusha tena.

Sikuhifadhi pambano katikati, ingawa hii mashine ndogo inaruhusu. Leo saa nne usiku narudi. Nimemwahidi mke wangu vitunguu nakata mimi.

#16 Mchangiaji (#4)

Mkuu, nimefuta ile video. Naanza na Honda. Nitaleta mrejesho hapa hapa.